Umeme wa Bibi Hauuzwi kwa Tresch

Ijumaa ile nilikuwa narudi nyumbani kutoka shule ya bweni, nimening'inia juu ya korongo ndani ya kisanduku cha kupandishia maziwa, magoti yangu yakiwa tumboni mwa Mzee Tresch. Kisanduku ni chake, waya ni wake, mota iliyo juu ni yake. Umeme tu ndio haukuwa wake. Tulipofika katikati ukakatika.

Theluji ilikuwa imeangusha laini kubwa ya bondeni, kwa hiyo kijiji chetu cha Hinteregg kilibaki na umeme wa jua wa mapaa yake, nyumba zikiuziana zenyewe kwa zenyewe kwa simu. Mawingu nayo yalikuwa yamegoma kuondoka. Nikafungua soko hilo kwenye simu: betri zote tupu, isipokuwa moja. Ya bibi yangu Seraphina, ambaye hula chajio gizani ili taa isipate kiburi.

"Mzee, bibi anao tele."

"Anao. Mimi amenifungia."

Nani asiyejua? Sokoni kwetu kila nyumba hujichagulia wa kumuuzia, na kila mtu huona nani kanunua kwa nani. Kiangazi Tresch alinunua kwa majirani wote, hata kwa padri, akamruka bibi. Bibi akamfungia. Sharti lake likanakiliwa katika mashine ya kila nyumba. Hakuna mwenyekiti wa kubembeleza. Ni bibi tu awezaye kuweka jipya.

Upepo ukatutikisa. Tresch alikuwa ameshuka bondeni kuazima kamba za kuvutia ndama, kwani ng'ombe wake Flurina alikuwa anazaa na ndama kakaa vibaya.

"Mota haizungushwi kwa mkono?" nikauliza.

"Huzungushwa. Mzungushaji ni mimi, na mimi niko huku nawe, bwana mkubwa."

Nikampigia bibi.

"Bibi, mjukuu wako anafia angani."

"Umekufa mara ngapi muhula huu, Severin?"

"Safari hii ni kweli. Nimo kwenye kisanduku cha Tresch."

"Naye yumo?"

"Yumo. Amenikalia mguu."

"Basi aniombe mwenyewe."

Nikamsogezea simu. Akageuza uso. Nikamfahamisha, kwa sauti ya mazishini, kwamba tukingoja tu, jua la Aprili si mbali. Hapo Flurina akalia huko juu, mlio mrefu uliokatika ghafla.

"Seraphina," akasema. "Ng'ombe anazaa."

"Namsikia tangu mchana. Kwa nini uliniruka?"

"Uliwaambia watu jibini yangu inanuka kwato!"

"Inanuka."

"Najua inanuka!" Akanipokonya simu. "Niuzie, mama. Tafadhali."

"Utanunua kwangu kwanza kabla ya yeyote. Daima."

"Daima ni ndefu."

"Na hilo korongo je, fupi?"

Sharti jipya likatokea kwenye simu, akabonyeza kukubali. Kisanduku kikashtuka, kikaanza kupanda.

Zizini tulimvuta ndama pamoja, nikaanguka kwenye samadi kwa heshima zote. Alitoka baridi, anahema kwa shida. Tresch akamsugua kwa majani makavu na kumwashia taa ya joto.

Nyumbani nilimkuta bibi gizani, macho kwenye simu. Betri yake ilikuwa inashuka, yote ikienda kwenye ile taa moja ya zizini kwa Tresch. Nikanyoosha mkono kuwasha jiko la umeme.

"Usiguse," akasema. "Ndama hajakauka."

Tukala viazi baridi.