Mgongo wa Benchi

Jumatano asubuhi mbwa wangu Benchi aliingia buchani kwa miguu miwili. Ya mbele ilitembea, ya nyuma aliiburuta sakafuni kama magunia matupu. Nikamfokea. Mimi ni mtu wa kufoka kwanza, kuuliza baadaye, na mke wangu Perpetua amechoka kunisema. Nilipoona mbwa ananitazama tu, bila hata kutikisa mkia, nikaweka kisu mezani.

Ilikuwa mwaka 2003. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na watu wa Haydom walikuwa hawajazoea kwamba mambo ya mkoa sasa ni Babati, siyo Arusha. Bucha yangu ilikuwa karibu na stendi, na banda la kuchinjia lilikuwa nyuma yake. Benchi nilikuwa naye kwa miaka sita. Mama yake aliletwa na mzungu mmoja mchimba visima, mbwa wa aina ile ndefu yenye miguu mifupi, na baba yake ni yeyote unayetaka kumtaja. Basi yeye akatoka mrefu, mpana, tumbo karibu na ardhi, na wateja wakasema wangeweza kumkalia wakisubiri nyama. Jina likawa hilo.

Perpetua alikuja, akachuchumaa, akamgusa mgongo, akasimama.

"Baba Doris, kama ni kummaliza, mmalize leo. Usimwache ajiburute mbele ya watu."

Alisema kweli. Kuchinja ndiyo kazi yangu, na kila aliyepita mlangoni alidhani jambo limekwisha. Hata Gidabuday, mfugaji wa Getanuwas aliyeniletea mbuzi asubuhi ile, alicheka akasema niwape fisi riziki yao. Nilinoa kisu. Nilikinoa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, na Gidabuday akaacha kucheka.

Hapo ndipo alipofika Juliana, daktari wa mifugo, kukagua nyama na kuipiga muhuri. Tulikuwa hatupatani. Yeye alikuwa binti wa miaka ishirini na saba aliyetoka chuoni Morogoro juzi juzi, mimi nachinja tangu hajazaliwa, na wiki ile ile alikuwa amenitupia maini mawili shimoni akidai yana minyoo. Yalikuwa na minyoo, lakini si kwa sauti ile.

"Shikamoo, mzee Baltazar."

"Marahaba. Leo usianze na maini."

Hakuanza na maini. Alikwenda moja kwa moja kwa Benchi, akapitisha vidole mgongoni taratibu, kutoka mabegani kurudi nyuma. Alipofika mahali fulani baada ya mbavu, mbwa akatetemeka mwili mzima. Juliana akaukunja mguu wa nyuma ili unyayo utazame juu, akauachia. Benchi akauacha vile vile, kana kwamba mguu ni wa jirani.

"Mzee, nipe mgongo wa huyo mbuzi uliyemtundika," akasema. "Usikate na shoka. Nipe kisu tu."

Akatafuta kwa ncha ya kisu mahali pingili mbili zinapokutana, akapita katikati polepole, pakafunguka bila mfupa hata mmoja kuvunjika. Akanionyesha.

Ndugu yangu, nilikuwa nimepasua migongo kwa miaka thelathini. Shoka langu lilipita pale pale kila siku, na sikuwahi kuona. Kulikuwa na duara jeupe, tabaka ndani ya tabaka kama kitunguu, na katikati yake kitu laini, kinang'aa, hakizidi punje ya maharage. Nilikigusa kikanesa. Kumbe kila mnyama niliyemwangusha, na mimi mwenyewe niliyekuwa nimeinama pale, tunasimama juu ya vitu hivi vidogo vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Nilivua kofia. Sikujua ninaivulia nini, ila kichwa kilitaka kuwa wazi.

"Huu ni mto," Juliana akasema. "Unazuia mifupa isisagane. Mbwa wa umbo hili mito yao hukauka mapema. Wa Benchi umepasuka, kilichokuwa katikati kimetoka, kimebana mshipa wa fahamu unaopita hapa juu."

Gidabuday alikuwa amesogea, mikono nyuma, anachungulia.

"Nimekula mgongo tangu nimeota meno," akasema kwa sauti ndogo. "Sikujua kuna mtu amefanya kazi humo."

Juliana akatoa koleo ndogo, akabana kidole cha mguu wa nyuma wa Benchi kwa nguvu. Mguu ukavutwa. Watu waliokuwa mlangoni wakapiga makofi, na Perpetua akashika kifua kwa furaha.

Mimi sikupiga makofi. Nimewahi kurushiwa teke na mguu wa ng'ombe ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye beseni tayari. Najua mguu unaweza kufanya mambo yake bila mwenyewe kuwepo. Nilikuwa namtazama Benchi usoni, na Benchi alikuwa anatazama inzi.

"Mzee ameelewa," Juliana akasema, na kwa mara ya kwanza hakunisemesha kama mkaguzi. "Mguu umejivuta wenyewe. Habari haijafika kichwani."

Akanieleza bila kuzunguka. Kuna upasuaji, aliuona mara moja tu huko chuoni, lakini barabara ya kutoka Haydom mpaka Morogoro ingeumaliza mgongo ule kabla ya daktari kuuona. Kuna kasha: mbwa anafungiwa mahali finyu kwa wiki sita, hatembei, hageuki ovyo, anakamuliwa mkojo kwa mkono kwa sababu hawezi mwenyewe. Njia hiyo husaidia wengi ambao bado wanasikia maumivu miguuni. Asiyesikia, ni kumtesa.

"Nitampa dawa ya kupunguza uvimbe. Jumatatu tunabana tena. Akilia au akigeuka, anaingia wiki sita. Asipogeuka, nitakuwa nimekuja na sindano, mzee. Siyo kisu. Sindano."

Nilipigilia kasha la mbao siku ile ile, nikatandika majani makavu. Juliana akanishika mikono yote miwili akaniweka vidole tumboni mwa Benchi mpaka nikaupata ule mviringo wa kibofu, uliojaa kama embe bivu. Ukibana kwa pupa unampasua, ukibana kwa woga hakitoki kitu. Mikono hii imezoea kurarua, na sasa ilijifunza kubembeleza. Mkojo ulipotoka mara ya kwanza nilishangilia kama mpumbavu. Kwa siku tano nilifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, na kila mara nilistaajabu kwamba mwili wenye mambo mengi hivyo hutembea barabarani bila kujivuna.

Perpetua alimgeuza ubavu ili asitoke vidonda. "Nimelea watoto wanne na mama yako mzazi," akanung'unika. "Kumbe alibaki mbwa." Lakini Jumapili, tulipotoka kanisani, alisimama mbele ya kasha bila utani.

"Unamweka kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Nilimpenda mbwa yule, ndiyo hivyo, nami ni mwanamume mzima mwenye bucha. Nilikuwa na nafasi ya kumbana kidole mwenyewe wakati wowote kwa siku zile tano, na sikuthubutu. Maadamu sijabana, alikuwa bado yuko.

Jumatatu Juliana alikuja na mkoba. Aliiweka sindano juu ya meza yangu, kando ya mizani, akaifunika kwa kitambaa. Gidabuday naye alikuwepo. Alisema amekuja kuulizia ngozi, ila kuhusu ngozi hakuuliza.

"Bana wewe, mzee," Juliana akasema. "Mimi nitaangalia macho yake. Bana mfupa, siyo nyama. Usimhurumie, huruma itatudanganya."

Tulimtoa Benchi kwenye kasha, Perpetua akamshika kifuani. Nilianza na mguu wa kulia. Nilibana kwa vidole vinavyovunja shingo ya kuku. Mguu ukajivuta, Benchi akaendelea kutazama mlangoni. Hakuna. Perpetua akaangalia pembeni.

Nikashika wa kushoto. Nilibana, nikaongeza, nikaongeza tena mpaka nikasikia mfupa kati ya kidole gumba na cha shahada. Benchi kimya. Mkono wa Juliana ukaanza kwenda kwenye kitambaa. Nikaona sikio moja likisogea. Halafu kichwa, polepole kabisa, kana kwamba ameitwa na mtu aliye bonde la pili, kikageuka. Akaniangalia usoni. Miaka sita sikuwahi kuona macho yale yamenikasirikia. Akafungua mdomo akanidaka kifundo cha mkono.

"Ameniuma!" nikapiga kelele. Damu ilikuwa inadondoka sakafuni. "Mama Doris, ameniuma! Ameniuma vizuri!" Abiria waliokuwa wanashuka basi kwenda hospitali walisimama kututazama. Gidabuday alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Perpetua alikuwa analia na kucheka, anaita jina la Mungu, na mimi nalia pia, sioni hata kilicho mbele yangu.

"Mzee," Juliana aliniambia, akinigusa bega. "Mzee, mwachie."

Nilikuwa bado nimembana. Nilipofungua vidole, naye akafungua mdomo.