Nyumba ya Nailantei Iko Lyon

Hapa Karatu hakuna anayeijua Ufaransa nje ndani kama mimi. Mwisho wa safari zangu ni Mang'ola, kununua vitunguu, lakini Vedasto aliyefika huko ni mwongo, kwa hiyo nayachukua maneno yake, nayageuza juu chini, napata picha safi kabisa.

Vedasto ana kambi ya watalii Ngorongoro. Mwaka jana, Nailantei alipokuwa Wasso akimuuguza binti yake Resiato hospitalini, Vedasto alikwenda na vijana wenye mapanga kuibomoa nyumba ya mama huyo, maana pale ukisimama unaona mbali. Hawakuikuta. Nyumba ilikuwa imeshaondoka na mafiga yake. Vedasto hakujali, akasimika mahema.

Nailantei aliporudi, Vedasto akamwambia, "Pole, mama Resiato. Nyumba imeungua."

Hakuamini. Tangu hapo analala stoo kwa dada yake hapa Karatu, kati ya magunia ya mahindi, na kila anayetoka safari humuuliza kama ameiona. Kwao nyumba hujengwa na mwanamke na ni yake. Mume mwenyewe hukaribishwa tu.

Mwezi uliopita Vedasto alikwenda Lyon kuitangaza kambi. Mvua ilimkuta kichochoroni, njaa inamuuma, akanusa moshi wa oloirieni, mti ule ambao kina Nailantei hufukizia vibuyu vya maziwa. Kati ya duka la dawa na kinyozi ilikuwepo nyumba ya Nailantei, samadi ukutani, kibao cha mgahawa mlangoni. Akaingia wima, kama alivyozoea kuingia kwa watu, akajigonga kwenye boriti ya mlango, penye fundo la kamba.

Ndani palikuwa na joto tamu. Meza chache, ndama kafungwa pembeni, watu wanakunywa supu ya vitunguu bila haraka. Mwenye mgahawa, mama mmoja mnene, alimwambia nyumba ilikuja yenyewe wakati wa baridi, ikajibana hapo, na majirani hawakuwa na neno.

"Mwenyewe unamfahamu?" akauliza. "Kitanda chake kila asubuhi tunakikuta kimetandikwa."

"Alishafariki," Vedasto akajibu, kwa Kifaransa chake cha kuongozea watalii.

Moshi ukatoka mafigani ukamfuata. Akahama meza, ukahama naye. Supu yake ikaja baridi, ya wenzake inafuka. Ndama akamkojolea kiatu. Akala akamaliza. Ni mbahili.

Aliporudi Karatu, Nailantei alimkuta kwenye baraza ya ofisi yake, nundu bado mbichi katikati ya paji la uso. Gari la watalii wa kwenda kulala kwenye kiwanja cha Nailantei lilikuwa linanguruma.

"Huko ulikokwenda hukuiona nyumba yangu?"

"Mama Resiato, si nilikuambia iliungua? Majivu niliyaona kwa macho yangu."

"Na hiyo nundu?"

"Mlango wa ndege."

Nailantei akatema mate pembeni, akasogea. Fundo lilikuwa limejichapa kwenye nundu, kila uzi wa kamba unaonekana, mzunguko wa mwisho umerudi nyuma, kama anavyofunga yeye peke yake, kwa mkono wake wa kushoto. Akaligusa kwa kidole.

"Kumbe ndege za Ulaya nazifunga mimi?"

Gari likaondoka na watalii wake. Vedasto akashusha kofia. Nundu ikaikataa.