Dira ya Shaba

Pale Mabatini, mjini Mwanza, hapakuwa na mfuga njiwa aliyejua kujisifu kama Mbaruku, wala mtu aliyejua kumkata maringo kama Luhaga. Mmoja Mnyamwezi, mwingine Msukuma, watani wa jadi. Tusi la mmoja lilikuwa chai ya mwenzake.

"Huyu Shaba," Mbaruku alizoea kusema, akiliinua jike lake lenye shingo nyekundu inayometa, "mfunge macho, mpeleke utakako. Atanitangulia nyumbani."

Lakini mwaka ule maneno yalianza kumkauka. Desturi ya wafuga njiwa wenzake ilikuwa kuvuka ziwa hadi Busisi, ng'ambo ya pili, na kuwarusha ndege pale pale kivukoni, mbele ya umati, asiwepo wa kusema umemficha wako kwapani. Siku za jua njiwa walirudi. Siku za mawingu walipotea. Lilianza dume la kijivu, halikuonekana tena. Akafuata ndege aliyekuwa dada wa Shaba, naye hakurudi.

"Mwewe hao," watu walisema.

"Mwewe gani anayechagua siku za mawingu?" Mbaruku aliwaka.

Mkewe, Raya, alichoka kumwona ameinua shingo uani kutwa nzima. "Akipotea na huyu, baba Saumu, hicho kibanda cha njiwa ukivunje. Niahidi." Akaahidi. Luhaga aliposikia, akatia chumvi: "Shaba asiporudi, mbao za kibanda nachomea mishikaki. Akirudi, nabeba tenga tupu kichwani toka stendi hadi mlangoni kwako, nikitangaza kwamba Msukuma kashindwa na ndege." Wakapeana mikono.

Siku ilipofika, anga lilikuwa majivu matupu. Mbaruku angeweza kuahirisha, lakini mbele ya mtani? Heri afe.

Kwenye kivuko Luhaga alipakata redio yake mpya, maana siku hizo maduka ya Mwanza yalikuwa yamefurika redio za nje. "Leo wanasoma kadi yangu ya salamu," alisema. "Tega sikio, Mnyamwezi. Wewe umo." Redio iliimba safi majini kote. Walipokanyaga Busisi ikaanza kukwaruza, na walipofika penye umati, mbele ya banda jipya la video, ikawa kama mtu anakaanga bisi ndani yake.

Luhaga akaipiga kofi. "Jenereta lao hili! Tangu walilete, kila nikija hapa ni hivi hivi. Hata siku ya dume lako sikusikia kitu."

Mbaruku, aliyekuwa ameshika kifuniko cha tenga, akaganda. Akachungulia ndani. Shaba alikuwa akizunguka, akienda huku, akirudi huku, kama mgeni aliyeteremshwa stendi asiyoijua.

"Twende na hiyo redio yako," alisema.

"Wapi?"

"Mpaka inyamaze makelele."

Umati ukalipuka. "Anakimbia! Mnyamwezi anakimbia!"

"Nifuateni!" Mbaruku aliwageukia, macho yakimtoka. "Anayetaka kushuhudia ana miguu!"

Wakaandamana naye, wakizomea, wakapita mashamba ya mihogo na kupanda penye mawe. Mikwaruzo ikapungua, ikawa mnong'ono, ikakata. Sauti ya mtangazaji ikatoka nyororo. Mbaruku akaweka tenga juu ya jiwe, akafungua.

Shaba alikuwa ametulia. Amebana kifua upande mmoja wa tenga, kaskazini, kuliko na Mwanza isiyoonekana. Mbaruku akaligeuza tenga. Ndege naye akageuka ndani yake, akarudisha kifua kule kule. Akaligeuza tena. Kule kule.

Kelele za watu zikafifia. Luhaga akainama hadi pua ikagusa ukindu. "Huyu anaona nini?"

"Haoni, anahisi. Unakumbuka nilipokuwa baharia kwenye boti la mizigo? Dira ukiisogezea chuma, inapotea. Huyu nadhani Mungu kampa dira yake humo mwilini, na makelele ya jenereta yanamvuruga kama yanavyovuruga redio. Jua likiwaka anajiongoza kwa jua. Leo jua liko wapi?"

"Umesoma wapi hayo?"

"Sijasoma. Nakisia tu. Atakayejibu ni yeye."

Akamtoa, akahisi moyo wa ndege ukigonga vidoleni, mdogo kuliko tende, akamrusha. Shaba alipiga duara moja tu. Kisha akanyooka juu ya maji kama uzi uliovutwa, hakuna alama, hakuna njia, wingu tupu mbele yake, na hakusita hata mara moja. Mtu mmoja akavua kofia.

Ndipo redio ikasema: "…Luhaga wa Mabatini anampa pole mtani wake Mbaruku kwa kufiwa na njiwa wote."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mbaruku hakucheka. Kunyooka si kufika, na Shaba alikuwa hajafika bado. Njiani kote macho yake yalikuwa mawinguni.

Walipokaribia nyumbani, Raya alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mmechelewa nyie. Mwenzenu kala, kanywa, analala."

Mbaruku akaegemea ukuta, akafunika uso kwa viganja. Luhaga akajitwika tenga tupu, akarudi stendi peke yake, akaanza upya kama walivyopatana, akitangaza kwa sauti ya ngoma mpaka wauza duka wakatoka nje.

Alipofika uani alikuwa na jasho. Akatua tenga chini ya kibanda, akazima redio.

"Redio yako haina kosa, kosa ni la jenereta, Ngosha," Mbaruku alimwambia, akimwita kama Wasukuma waitanavyo.

"Hata hivyo," alisema Luhaga, akiinua shingo kumtazama Shaba. "Mwache alale."