Shikamoo ya Zimwi

Mara ya mwisho mwanangu kuniita mama, alikuwa anaongea na tumbo langu.

Siyo kwamba hanisalimii. Felista ana adabu, nimemlea mwenyewe. Akija kutoka Dar anashuka stendi ya Msamvu, anachukua bajaji, anafika mlangoni kwangu na kupiga goti kidogo. "Shikamoo." Halafu basi. Neno linalotakiwa kufuata hapo haliji, na mimi nimezoea kuitikia marahaba haraka haraka ili pengo lisionekane. Alipomzaa Aisha akapata njia ya kupita pembeni: "Shikamoo, Bibi Aisha." Majirani wanasema, jamani, mtoto ana heshima huyo! Nacheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka, muulize yeyote hapa mtaani.

Yalianza Felista akiwa na miaka mitano. Tulipanga vyumba viwili Mwembesongo, mimi, yeye na baba yake, Kasiani, ambaye kiwandani walikuwa wanamwita shifti yoyote wanayotaka. Maji tulifuata bombani mtaa wa pili. Nikienda na ndoo zangu, Felista anabaki ndani, ameshusha komeo. Sasa mtoto wa umri ule utamwambiaje asimfungulie mtu? Ukisema kuna watu wabaya, anakuuliza wana sura gani. Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea, nina diploma. Chuoni tulisoma kwamba hadithi inakuza msamiati, inajenga maadili. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikafaulu vizuri sana.

Basi nikamhadithia ile niliyopewa na mama yangu kule kijijini kwetu, Kinole. Mama mmoja alikuwa akienda shamba anawafungia wanawe, akirudi anawaimbia, wanafungua. Siku moja zimwi likamvizia njiani, likammeza mzima mzima, likaja mlangoni kuimba wimbo wake. Lakini sauti! Kama gunia la mawe linaburutwa kwenye sementi. Watoto wakakataa. Zimwi likaenda kwa mganga, mganga akalipasua koo, akalinyoosha, akalishona. Likarudi na sauti laini. Watoto wakafungua, nao wakamezwa. Baada ya hapo hadithi inaendelea, ila Felista alikuwa anasinzia hapo hapo kila siku, sikuwahi kufika mwisho.

Hadithi zetu hazina msikilizaji wa kukaa kimya. Wimbo ukifika, wote mnaimba. Tukauimba mpaka ukawa ndio ufunguo wa nyumba:

*Wanangu wa moyoni, mama nimerudi,
nina ndizi za Kinole, nifungulieni.*

Na ulifanya kazi. Mchana mmoja alikuja kijana akagonga, eti baba amemtuma redio. Felista akamjibu kutoka ndani, "Imba kwanza." Yule kijana akaduwaa, akaondoka zake. Jirani yetu, Mama Severin, alikuwa anaanua nguo, akasikia kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, huyu umemfundisha vizuri!" Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Kisha rovu. Uvimbe wa shingo, kwetu milimani si kitu kigeni, lakini wangu ulianza kunibana nikilala. Hospitali walinieleza vizuri kabla ya kunipasua: mshipa wa sauti unapita karibu sana, sauti inaweza kubadilika. Nikasema ibadilike tu, mradi nipumue. Felista akaniuliza naenda wapi. Kasiani akamjibu, "Mama anakwenda kutengenezwa koo."

Hakuna aliyeshtuka. Ni kauli ya kawaida kabisa.

Siku ya kutoka, Kasiani alikuja kunichukua na teksi, mtoto kamwacha ndani na komeo. Tulipofika akabaki nyuma anashusha mizigo. Mimi sikuweza kumsubiri. Nilikuwa sijaongea, walinikataza, ila nikasema nimfurahishe mwanangu kwa mstari mmoja tu. Nikasimama mlangoni na bandeji yangu shingoni, nikaimba.

Kilichotoka kilikuwa lile gunia la mawe.

Pazia la dirishani likasogea, nikaona jicho moja. Liliangalia uso wangu, likateremka kwenye bandeji, likakaa hapo.

"Feli, fungua, ni baba!" Kasiani aliita akija na beseni. Komeo likapanda, akatoka kama risasi, akamkumbatia miguu. "Baba, kimbia! Limemmeza mama!"

Kasiani akacheka. Hata mimi nilijaribu kucheka, ikawa mbaya zaidi.

"Acha upuuzi. Msalimie mama yako."

Mtoto alikuwa bado ameng'ang'ania miguu ya baba yake, lakini mkubwa ni mkubwa, hata akiwa zimwi. "Shikamoo."

"Shikamoo nani?"

"Shikamoo."

Tulidhani itaisha. Mama Severin alisema siku tatu. Nilipika, nilimwogesha, alikubali yote kwa heshima ya mgeni aliyefika nyumba asiyoijua. Shuleni watoto wa watu walizoea sauti yangu siku ya pili, darasa langu likawa tulivu kuliko yote. Wangu hakuzoea. Miezi ikapita, sauti ikaanza kurudi kidogo kidogo, si ile, lakini inayoweza kushika wimbo. Nikafurahi. Jioni moja ninamkausha maji nikamwimbia polepole, karibu sawasawa. Akaganda. Akageuza uso, akamwambia baba yake taratibu, kama mtu anayetoa taarifa:

"Limejifunza."

Ndipo nikampeleka Kinole kwa mama. Bibi mwenye hadithi airudishe hadithi yake. Mama alimweka pajani, mdalasini umeanikwa kote uani, akamsimulia mpaka mwisho, ule ambao Felista hakuwahi kuufikia: vijana wa kijiji wakalikamata zimwi, wakalipasua tumbo, wote waliomezwa wakatoka wazima, mama akiwa wa kwanza. "Umeona, mjukuu wangu? Hakuna aliyepotea."

Felista alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, niliona uso wake umefunguka.

Mchana ule nilijilaza mkekani. Nikasikia miguu midogo inakuja. Nikafumba macho. Akapiga magoti kando yangu, akanyanyua khanga taratibu, akaweka sikio tumboni. Nywele zake zilikuwa zinanukia mdalasini.

"Mama," akanong'ona. "Mama, uko humo?"

Nifanye nini? Nikinyamaza, mama hayupo. Nikijibu, limejibu zimwi. Mwalimu mzima mwenye diploma nikabana pumzi. Tumbo likanguruma kidogo, njaa tu, na yeye akalipapasa, akaniambia mimi niliye humo ndani, "Usilie."

Hakuuliza tena. Alikua, akasoma, akaolewa na Rashidi, kijana mzuri. Anajua mazimwi hayapo, usinielewe vibaya, ni mhasibu. Lakini kuna mlango ulifungwa akiwa na miaka mitano na hakuna aliyekuja na wimbo sahihi. Sauti yangu ya zamani anayo yeye. Akiimba jikoni, wazee waliotufahamu wanaita, "Mama Feli!" Anaitika yeye, kisha tunaangaliana.

Pasaka iliyopita Aisha, ana miaka minne, alinidai hadithi. Anajua moja tu, hiyo hiyo, kaipata kwa watoto wenzake. Akajifungia chumbani, akapiga kelele, "Bibi, gonga!"

Nilimwangalia Felista. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

Nikagonga. Nikaimba, kwa sauti yangu ya sasa, mikwaruzo yote. Sikuifanya mbaya, sikuifanya nzuri.

Kabla sijamaliza mstari wa kwanza, mlango ukafunguliwa, Aisha akanirukia shingoni, mkono mmoja juu ya kovu. "Nimejua ni wewe!"

Felista alikuwa amesimama, kisu mkononi. Alituangalia.

"Huyu," akasema, "hajafundishwa vizuri."

Nikatafuta usoni mwake kama anatania. Nimetania maisha yangu yote, utani nikiuona naujua.

Akarudi kwenye ndizi zake.