Swichi ya Juu ya Ngazi

Domina alitoka Muleba kuja Bowie, ng'ambo, kulea mjukuu. Mtoto, Boniface, aliyerithi jina la marehemu mume wa Domina, alikuwa bado hajakaa sawasawa, na mama yake, Jacqueline, likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha. Anatoli, mwana wa Domina na baba wa mtoto, alikuwa akiondoka alfajiri kukwepa foleni ya magari ya kwenda mjini, na kurudi giza limeshaingia. Mchana kutwa nyumba ilikuwa ya bibi na mjukuu, na boila la mafuta la kupasha nyumba joto, lililonguruma kule besimenti, chumba cha chini ya nyumba.

Baridi ilipopamba moto, boila likaanza kuzimika. Domina ndiye aliyegundua, maana ndiye aliyekuwepo. Lilinguruma kidogo, likakohoa, likanyamaza, na redieta za chumbani zikaanza kupoa. Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akamtupia blanketi juu, akampigia mwanawe simu. Anatoli aliporudi alishuka chini, akabonyeza kitufe kilichokuwa ubavuni mwa boila, likawaka. Kesho yake likazimika tena.

Sasa, juu ya ngazi za kushukia besimenti palikuwa na swichi yenye kifuniko chekundu, ya kuzimia boila wakati wa dharura. Ilifanana kabisa na swichi ya taa. Na Domina alikuwa mtu wa kuzima taa. Akitoka jikoni anazima, akitoka msalani anazima, hata taa ya barazani aliizima wageni wakiwa bado wanavaa viatu. Anatoli akayaunganisha mambo hayo mawili.

Alianza kwa upole. Alimweleza mama yake kwamba ile si swichi ya taa. Domina akamjibu kuwa anajua, maandishi yapo palepale na Kiingereza anakisoma. Mara ya pili upole ulikuwa umepungua. Mara ya tatu Anatoli alibandika utepe juu ya swichi. Boila likazimika utepe ukiwa mahali pake. Jacqueline akasema huenda mtu aliubandua akaurudishia. Hakutaja jina, lakini nyumba ile mchana ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kutembea.

Domina akashauri aitwe fundi. Akamwambia pia mwanawe kwamba kila boila likinyamaza anakiona kitaa chekundu kimewaka mbele ya boila. Anatoli akasema fundi ataitwa wakishajiridhisha kwamba kosa si lao wenyewe.

Kisha Boniface akapata kikohozi. Jioni hiyo Anatoli aliketi karibu na mama yake, akamshika mkono.

"Mama, ukisema tu ukweli yataisha. Hakuna atakayekugombeza. Uliigusa kwa bahati mbaya, basi."

Domina akauondoa mkono wake. "Nimefundisha shule mpaka nikastaafu," alisema. "Nayajua maswali ya mtu aliyekwisha kuhukumu. Swichi yako sijaigusa."

Siku chache baadaye, akipangusa vumbi koridoni, aliona kidude cheupe juu ya rafu. Alidhani ni kamera ya mtoto, maana chumbani kwa Boniface ilikuwepo inayofanana nayo. Lakini hii haikuelekea kwa mtoto. Ilielekea swichi. Domina alisimama na kitambaa chake mkononi mpaka miguu ikachoka. Hakuigusa. Tangu siku hiyo akipita pale alijifunga khanga vizuri na kutazama mbele, na akaacha kumwimbia mtoto koridoni, kwa kuwa hakujua kama kidude kile kina masikio.

Boila lilizimika tena theluji ikianguka. Anatoli, akiwa kazini, alitazama picha kwenye simu yake: hakuna aliyeikaribia swichi asubuhi nzima. Mchana huohuo akarudi, akamwita fundi kutoka mji wa jirani wa Laurel, bwana mmoja aitwaye Solomon.

Domina alibaki juu ya ngazi na mtoto, akisikiliza. Solomon alianza na kile kitaa chekundu. Mtu akizima kwa swichi, alieleza, umeme haufiki na kitaa hakiwaki. Kikiwaka, boila limejizima lenyewe. Akafuata bomba la kutoka kwenye tangi mpaka kwenye chujio, akaonyesha kiungo kilicholegea kinachovuta hewa. Hewa ikiingia, moto unakosa mafuta na kufa. Mwisho akauliza ni nani amekuwa akibonyeza kile kitufe mara kwa mara, maana mafuta yasiyoungua hujaa ndani, na siku yakishika moto kwa pamoja ni hatari kwa walio nyumbani. Anatoli akasema ni yeye.

Usiku ule walikula nyumba ikiwa na joto. Anatoli alimsimulia mkewe habari za kiungo na hewa, kirefu, kama mtu aliyeligundua tatizo mwenyewe. Jacqueline akacheka. Akasema kumbe bibi wa watu walimsingizia bure. Anatoli naye akacheka.

Domina aliweka kijiko chini. "Kile kidude cha koridoni nilikiona."

Kicheko kikakatika. Anatoli akasema ni cha usalama wa nyumba.

"Nilikuambia sijaigusa," Domina alisema. "Mimi niliyekuzaa. Ukasubiri uambiwe na kidude. Nitafutie tiketi."

Jacqueline alimfuata chumbani, akalia, akamsihi kwa ajili ya mtoto. Domina akamjibu kwamba mtoto ni mdogo, hatakumbuka. Maneno hayo yalimuuma yeye mwenyewe kuliko yote yaliyosemwa katika nyumba ile.

Katika uwanja wa ndege wa Dulles, mbele ya foleni ya ukaguzi, Anatoli alishika sanduku bila kuliachia. "Mama, nisamehe."

"Nimesikia," Domina alisema, akalichukua sanduku lake.

Alikuwa amelingoja neno lile mezani, mbele ya mkwewe, chakula kikiwa bado cha moto. Pale uwanjani lilimfikia limepoa.

Boniface siku hizi anatembea. Jacqueline hutuma picha, na Anatoli kila akipiga simu humwomba mama yake aje tena. Domina humwambia magoti yanamsumbua. Magoti yake ni mazima. Kila Jumapili hupanda kilima kwenda kanisani na kushuka bila fimbo.