Zabibu za Shimo Namba Tatu

Jumatatu ya kwanza ya Agosti 1971, Mama Mbuke alianika zabibu za misheni juu ya jabali, kishada baada ya kishada, kama anavyoanika michembe ya viazi. Padre Benigno alitaka zikaukie kivulini kwenye chanja, kama kwao Montefalco, Italia. Mama Mbuke alimwambia jabali la Geita limekausha viazi tangu enzi za bibi yake na halijawahi kuharibu kitu. Padre akaenda zake kunywa chai.

Mzabibu huo aliuleta yeye mwaka 1965, vipando vimefungwa kwenye soksi mbichi. Unaitwa Sagrantino. Kwao, alisema, watawa waliupanda ndani ya kuta zao kwa mamia ya miaka, na kila ukoo ulitengeneza chupa chache za Pasaka, za kunywa na nyama ya mwanakondoo. Siku hizi watu wameuchoka, wanaung'oa. Divai yake ni nyekundu hata inakaribia weusi, na ina ukakasi wa ndizi mbichi. Ndiyo maana zabibu hukaushwa kwanza, utamu uupoze uchungu. Hata hivyo haiondoki mdomoni upesi.

Mzabibu ule hupenda mawe, naye Mama Mbuke ndiye aliyemchagulia Padre mahali: juu ya kifusi cha shimo namba tatu la mgodi wa dhahabu. Sababu hakuisema. Shimo hilo liliporomoka mwaka 1964, kampuni ikalifukia siku ya pili, na wachimbaji kumi na mmoja wakaandikwa watoro. Mmoja wao ni Pantaleo, mumewe. Mtoro hazikwi. Mama Mbuke hakunyolewa, hakukaa matanga, wala mumewe hakusomewa misa. Miaka saba hakuwa mke wala mjane, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Mizizi ikashuka. Pasaka ya 1969 Padre alikunywa divai ya kwanza altareni, na mdomo wake ukasema kwa sauti ya Pantaleo, kwa Kisukuma safi ambacho Padre mwenyewe hakukiweza:

"Mwadila. Tuko kumi na mmoja. Tunangoja winchi itupandishe."

Waumini wakaitikia salamu. Padre akapangusa kikombe, misa ikaendelea.

Tangu hapo Mama Mbuke alikuwa na ombi moja tu: mumewe aandikwe marehemu, amlilie kama watu wanavyolia wafu wao. Padre alitaka barua ya serikali kwanza. Zabibu zikiwa bado jabalini, serikali ikamleta Bwana Eustace, karani wa wilaya, pamoja na muhuri wake.

Alipewa nusu glasi ya divai ya mwaka jana. Akanywa, akakunja uso, kisha mdomo wake ukataja jina la Pantaleo, namba ya kazi na mahali: futi mia tatu na ishirini, upande wa mashariki. Mkono wake uliandika yote kwa hati nzuri.

"Umesikia mwenyewe, Bwana Eustace," alisema Mama Mbuke. "Basi mwandike."

"Nimesikia, Mama, na ndiyo shida yenyewe. Mtu anayesema nitamwandikaje marehemu?"

"Basi andika yuko kazini."

"Mgodi ulifungwa, naye hakuripoti. Ni mtoro. Akinyamaza, njoo unione."

Akagonga muhuri, akaomba chupa moja ya kwenda nayo nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mama Mbuke alinoa panga, akaenda kifusini. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mkono. Mapigo mawili yangetosha, naye angepata barua yake. Lakini mtu huagwa. Akamimina divai kwenye kikombe cha bati, akanywa.

"Baba Mbuke," alisema, "nataka unyamaze, nikuzike."

Mdomo wake ukamjibu kwa sauti ya mumewe:

"Kwani nimekufa?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mama Mbuke alilia kimyakimya, panga mkononi, na mdomo wake haukumngoja amalize.

"Winchi imefika wapi?"

"Inakuja," alijibu.

Akatumia panga lile lile kupalilia shina, kisha akarudi jabalini kugeuza zabibu.