Kamba Iliyoshikwa Kutoka Chini

Saa moja asubuhi, dada mtu aliitemea mate miwani yake ya kuzamia, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akafunga kamba kiunoni. Ncha ya pili aliifunga kwenye nondo iliyochomoza ukutani mwa kiwanda cha pale bandarini, kwa kuwa mdogo wake, ambaye walikuwa wakishikiana kamba kwa zamu, alifia hapo miezi minne iliyopita. Kuvuta mara mbili: nipo salama. Mara tatu: panda. Siku ile kamba ilirudi mikononi mwa dada mtu ikiwa imekatika, na ofisi ya bandari ikaandika sababu kwa neno moja: uzembe. Neno hilo mama yao alikuwa hajalimeza bado.

Maji ya pale ni mazito kama uji. Ukinyoosha mkono, kiganja hukioni. Alishuka na mkuki wake akipapasa ukuta. Kwenye pembe ya tatu maji yakawa maangavu, upana wa chumba cha kulala. Aliuingiza mkono, akautoa, akauingiza tena: ndani unaonekana, nje haupo. Mdogo wake alikuwa amekaa humo juu ya jiwe, akibadilisha mpira wa bunduki yake ya mkuki.

"Umenenepa, dada."

"Na wewe umekufa. Wanasema ni uzembe."

"Mimi? Ninayekagua fundo mara tatu?"

Alionyesha kwa kidevu. Nyuma yake lilikuwa bomba la kiwanda la kufyonza maji, mdomo wake kama pipa, halina wavu. Ukingoni kilining'inia kipande cha kamba, na fundo lilikuwa la dada mtu mwenyewe.

Alikwenda nacho ofisini, pamoja na ile kamba iliyokatika, chumvi ikiwa bado usoni. Karani alizilinganisha ncha mbili juu ya meza.

"Zinaoana."

"Basi futa hilo neno."

"Lete aliyeona, mama."

Kesho yake mdogo mtu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi akichuruzika. Mzee mmoja alimwomba asogee, anawalowesha watu viatu. Karani alikigeuza kitambulisho chake mara mbili.

"Kaka, hapa umeshakufa."

"Ndiyo. Kwa lile bomba."

"Marehemu hatoi ushahidi. Na ungekuwa hai, ungelalamikia nini? Haya, usiondoke bila kupiga deki."

Akapiga deki. Hata chini ya benchi alipapitia.

Keshokutwa yake dada mtu hakuifunga kamba kwenye nondo. Aliishusha mpaka akahisi imeshikwa kutoka chini, ndipo akaifuata. Samaki mkubwa, yule chewa waliyemwinda miaka miwili, alipita karibu hadi akamgusa bega. Alipoinua mkuki, kamba ilivutwa mara tatu. Akamwacha, akapanda.

Nyuma ya ukuta mashine iliwashwa, na maji yote yakaanza kuelekea kwenye bomba. Wavu haujawekwa mpaka leo. Na ofisini neno lile bado liko kwenye daftari, kavu kabisa.